Simu za matangazo zisizokoma: soma dalili, tafuta chanzo, ndipo utibu

Kwenye meza yangu ya kutengeneza simu, hapa Mwanakwerekwe, Zanzibar, hapiti siku bila mtu kunipa simu yake na kuniambia: "Hebu nizuilie hawa wanaonipigia." Zamani nilikuwa naipokea, nazuia nambari tatu nne za mwisho, namrudishia. Baada ya wiki anarudi na nambari nyengine sita. Kuzuia nambari moja moja bila kujua zinatoka wapi ni sawa na kukumba maji kwenye ngalawa ambayo tundu lake hujalitafuta.

Siku hizi, kabla sijagusa mipangilio yoyote, naomba mambo matatu: nambari iliyopiga, saa iliyopiga, na neno la kwanza alilosema aliyepiga. Hilo la tatu ndilo linalofichua mengi. Rikodi inaanza kuzungumza hata hujasema "hallo". Muuzaji wa kweli hutaja kampuni yake. Tapeli hukuuliza "unanikumbuka?" ili umtajie jina wewe mwenyewe. Anza kuandika hayo leo, kwa siku tatu, kisha tafuta dalili yako hapa chini.

Dalili ya 1: Simu za kuuziwa vitu, kila siku au mara kadhaa kwa wiki

Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ni mtandao wako mwenyewe. Vifurushi vipya, miito ya simu, michezo ya bahati nasibu, bima: mengi ya hayo hupigwa au hutumwa na kampuni ya laini unayoitumia, au na washirika wake. Utajua kwa sababu nambari huwa fupi, ya tarakimu chache, au ujumbe huja na jina badala ya nambari. Ujumbe ulioletwa kwa jina huwezi kuujibu, kwa hiyo kuandika "STOP" pale ni kazi bure, isipokuwa wenyewe wamekutajia nambari ya kujitoa.

Dawa yake ni rahisi, lakini watu wengi hawaijui. Piga 100, ambayo ni huduma kwa wateja, subiri hadi uzungumze na mtu, umwambie hivi: "Naomba nambari yangu iondolewe kwenye simu na ujumbe wote wa matangazo." Sema simu na ujumbe, vyote viwili, kwa sababu mara nyingi huwa ni orodha mbili. Muulize jina lake, andika tarehe. Wakiendelea, piga tena na utaje ile tarehe ya kwanza. Ukiona hakuna mabadiliko, malalamiko yanapanda kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Mawasiliano ni jambo la Muungano, kwa hiyo mamlaka hiyo inatusimamia na sisi wa Visiwani. Huko watakuuliza kama ulianza kwa kampuni yenyewe, na hapo ndipo ile tarehe uliyoiandika itakapokufaa.

Sababu ya pili ni mahali ulipoiacha nambari kwa hiari yako: duka la vifaa vya umeme lililokuandikia risiti, taasisi ya mikopo, kampuni ya bima, fomu ya zawadi kwenye maonesho. Hawa wakipiga, wasikilize sentensi moja tu, kisha uwaulize: "Nambari yangu mmeipata wapi?" Halafu uwaambie kwamba hutaki itumike kwa matangazo. Hiyo ni haki yako kisheria wala huombi hisani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zisitumike kumuuzia bidhaa moja kwa moja, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupokea malalamiko. Nimeona wauzaji waliokuwa wakipiga mara tatu kwa wiki wakinyamaza baada ya mteja wangu kuwatumia ujumbe mmoja mfupi unaoitaja sheria hiyo.

Sababu ya tatu ni kuvuja, na hapa nataka tukae kidogo. Nenda kwa wakala wa pesa, tazama daftari lililo juu ya kaunta. Nambari yako iko pale, jina lako liko pale, na kiasi ulichotoa. Anayekuja nyuma yako analisoma huku anasubiri zamu yake. Siwalaumu mawakala, wanatakiwa kuweka kumbukumbu. Lakini una haki ya kumwambia afunike ukurasa, na ukimwambia kwa uzuri atafunika. Kuna na makundi ya WhatsApp: la harusi, la wazee wa skuli, la mtaa, lenye watu mia tatu usiowajua na kila mmoja anaiona nambari yako. Na wale jamaa zetu wa Nungwi, Paje na Jambiani wanaopangisha nyumba au kutembeza wageni, nambari zao zimo mtandaoni kwa sababu ndiyo riziki yao. Hao hupigiwa na watu wanaowaahidi kuiweka hoteli yao juu kabisa kwenye utafutaji wa Google. Kwao ushauri wangu ni mmoja: laini mbili. Moja ya kazi, iliyo kwenye mabango na mitandao, na moja ya nyumbani isiyoandikwa popote. Simu nyingi zinazouzwa hapa zina nafasi ya laini mbili, na nyingi ninazozifungua nafasi ya pili ina vumbi.

Sababu ya mwisho, iliyo nadra kidogo, ni bahati mbaya tu. Kompyuta inapiga nambari kwa mfuatano, na yako imo. Hii huijui ila kwa kuwa hakuna hata moja kati ya zile za juu inayolingana. Usijibu kitu, usibonyeze kitu. Ukibonyeza "9 kujiondoa" kwenye rikodi usiyoijua umemthibitishia kwamba nambari hii ina mtu.

*Kuzuia kwenye simu yenyewe.* Kwenye Android fungua programu ya Simu, bonyeza nukta tatu za juu, ingia Mipangilio, halafu nambari zilizozuiwa. Hapo kuna swichi ya kuzuia wapigaji "wasiojulikana", na hapa watu wengi hukosea: swichi hiyo huzuia wanaoficha nambari tu. Haizuii nambari ambazo hukuziandika kwenye simu yako. Kwenye iPhone ni kinyume chake. Ile ya kunyamazisha wasiojulikana, iliyokuja mwaka 2019, hunyamazisha karibu kila asiyekuwemo kwenye orodha yako, pamoja na daktari na fundi bomba. WhatsApp nayo ina yake tangu 2023: Mipangilio, Faragha, Simu, kisha nyamazisha wasiojulikana. Hiyo ya WhatsApp naipendekeza kwa kila mtu asiyefanya biashara huko, bila kusita. Na wenye vitochi msikate tamaa, vingi vina orodha ya kuzuia ndani ya mipangilio ya simu, ingawa hubeba nambari chache.

Zipo pia programu za kutambua mpigaji. Zinasaidia kweli, lakini soma ruhusa zinazoomba. Ikitaka orodha yako yote ya majina, hapo si wewe peke yako unayetoa ruhusa. Unawatoa na jirani zako, na shangazi yako, na mwalimu wa madrasa wa wanao.

Dalili ya 2: Salio linaliwa tangu simu fulani ya rikodi

Watu hufika wakiwa na hasira kwamba "wamenikata pesa". Kabla ya kumlaumu mtu, angalia sababu iliyo ya kawaida zaidi: kifurushi cha intaneti kimeisha na simu inaendelea kuvuta data kwa salio la kawaida. Zima data, weka vocha ndogo, subiri usiku mmoja. Salio likibaki, umeshapata jibu, na wale wa matangazo hawana hatia.

Likiliwa na data ikiwa imezimwa, basi umeunganishwa na huduma ya kulipia. Mara nyingi ni muito wa simu au ujumbe wa kila siku: mapishi, mpira, nyota. Ulibonyeza 1 wakati unatafuta kuikata, au mtoto alibonyeza. Huduma hizi hujirudia zenyewe kila siku au kila wiki hadi uziondoe. Tafuta kwenye ujumbe wa zamani neno "umejiunga", humo ndimo ilimoandikwa njia ya kujitoa. Usipouona, piga 100 na uulize: "Nimeunganishwa na huduma zipi za kulipia?" Waambie wazisome moja moja, uziondoe zote, kisha udai kurudishiwa kilichokatwa bila ridhaa yako. Wengine hurudishiwa. Asiyedai harudishiwi.

Sababu iliyo nadra ni programu mbovu ndani ya simu inayotuma ujumbe kwa siri. Dalili yake ni ujumbe ulioandikwa "umetumwa" ambao hukuutuma. Hapo acha kujitibu. Toa laini, ipeleke simu kwa fundi unayemwamini, na nambari ya siri ya pesa uibadilishe ukitumia simu nyengine.

Dalili ya 3: Simu inalia mara moja, inakatika, nambari ni ya nje

Hii inatupata Wazanzibari vibaya kwa sababu tuna watu kila upande. Nani hapa hana ndugu Maskati, Dubai, London au Komoro? Ukiona umebipiwa kutoka nje, moyo unakwenda mbio: kuna msiba? Wanaopiga wanategemea hasa mshituko huo.

Kazi yao inakwenda hivi. Kompyuta inapiga maelfu ya nambari, inalia mara moja na kukata. Wajapani wameipa jina *wangiri*, yaani kulia mara moja na kukata. Nambari iliyobaki kwenye simu yako ni ya malipo makubwa. Ukiirudia, kila dakika inakatwa kwa bei ya juu na sehemu ya pesa hiyo inamfikia aliyeipanga. Ndiyo maana ukipiga unasikia muziki, au mlio unaofanana na simu inayoita bado, ili usikate upesi.

Angalia tarakimu za mwanzo kabla ya jambo jengine lolote. Oman ni +968, Falme za Kiarabu +971, Uingereza +44, Komoro +269. Ikiwa ni +53 ya Cuba, +371 ya Latvia au +375 ya Belarus, na huna mtu huko, usirudie. Na iangalie vizuri hii: +225 ni Ivory Coast. Jicho la haraka, khasa la mtu mzima bila miwani, huisoma +255 na kudhani ni mtu wa nyumbani. Nimemwona mzee mmoja akiimalizia vocha ya elfu tano hivyo hivyo, akiamini anampigia mtoto wake Wete.

Ukiwa na shaka kwamba ni ndugu, mpigie kwa nambari yake uliyoizoea, au umtumie ujumbe. Mwenye msiba hupiga mara ya pili.

Dalili ya 4: Wanadai deni la mtu usiyemjua, au la mtu unayemjua

Tuanze na sababu nyepesi. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni huiuza upya. Kama yako umeinunua karibuni, unapokea urithi wa mwenyewe wa kwanza: wadai wake, benki yake, na wachumba wake. Jibu mara moja, kwa maandishi: "Nambari hii sasa ni ya mtu mwengine, naomba muiondoe." Kisha uzuie.

Sababu ya pili imeenea sana miaka hii. Jamaa yako amekopa kwa programu ya simu, na programu ikamwomba ruhusa ya kusoma orodha yake ya majina. Alipochelewa kulipa, wakaanza kuwapigia wote waliomo, wengine kwa matusi na vitisho. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Wewe hukusaini kitu, hukudhamini, kwa hiyo hudaiwi. Usilipe hata shilingi elfu "ili wanyamaze", kwa sababu anayelipa mara moja hupigiwa zaidi. Piga picha ya skrini kila ujumbe, kisha uzuie.

Na ukiwa wewe ndiye mkopaji, usione haya kuniuliza au kumuuliza fundi yeyote. Ingia Mipangilio, Programu, chagua programu ile, Ruhusa, uondoe ruhusa ya majina, picha na ujumbe. Waliyoyachukua hayatarudi, lakini utakuwa umewafungia mengine.

Simama hapa: wakitaja picha zako, kazi yako, au wakitishia kukudhuru, hilo limeshatoka kwenye usumbufu. Nenda kituo cha polisi na zile picha za skrini. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na polisi wanaitumia.

Dalili ya 5: Anataka ufanye kitu sasa hivi

Huyu si muuzaji. Namweka hapa kwa sababu watu huja wakiniambia "wale wa matangazo" kumbe ni wezi. "Nimekosea kutuma pesa, nirudishie." "Ile pesa itume kwenye nambari hii." "Mwanao kaanguka skuli, anapelekwa hospitali." "Hapa ni huduma kwa wateja, laini yako inafungwa."

Aliyekosea kutuma pesa aelekezwe kwa kampuni yake, wao ndio wanaorudisha muamala. Wewe angalia salio lako kwa menyu, usiuamini ujumbe, maana ujumbe wa kupokea pesa huigizwa herufi kwa herufi. Anayesema ni huduma kwa wateja, mkatie, kisha piga 100 mwenyewe. Kuhusu mtoto, piga skuli kwa nambari unayoijua.

Najua kwetu ni vigumu kumkatia mtu aliyekuanza kwa "Assalaamu alaykum, bi mkubwa". Tumelelewa kuitikia, kuulizana hali, kumsikiliza mtu mpaka amalize. Mwizi wa simu analijua hilo na anaanza na salamu ndefu kuliko mtoto wako mwenyewe. Itikia salamu, kwa sababu ni haki yake. Kisha ukate. Huna deni jengine kwake.

Ujumbe wa namna hiyo upeleke kwa 15040, ufuate maelekezo utakayorudishiwa, ili nambari ya tapeli ishughulikiwe. Kisha piga *106#, uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta nambari usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la kampuni husika ukaifute. Laini hiyo ikitapeli watu, jina litakalotokea ni lako.

Simama hapa: ikiwa umeshataja nambari ya siri, au uliambiwa upige kitu kinachoanza na \*\*21\*, usiendelee kusoma. Msimbo ule huzielekeza simu zako zote kwa mtu mwengine, na zile tarakimu za uthibitisho zinazosomwa kwa simu humfikia yeye. Piga ##002# kufuta uelekezaji wote, kisha \*#21# kuhakikisha. Badilisha nambari ya siri. Piga 100 wakusitishie huduma ya pesa. Na ikiwa mtandao umetoweka ghafla kwenye simu yako huku jirani yako wa mtandao huo huo anao, huenda laini yako imehamishiwa kadi nyengine. Omba simu ya mtu wa mtandao huo huo, piga 100 dakika hiyo hiyo, kisha uende dukani kwao na kitambulisho, halafu polisi. Usipite kwangu kwanza. Mimi kwa hilo sina la kukufanyia, na kila dakika unayokaa mezani kwangu ni pesa inayotoka.

Dalili ya 6: Tangu kuzuia, simu za maana haziingii

Hii ni dalili ya dawa kuzidi. Shangazi yangu, mtu mzima, aliwekewa na mjukuu wake kila kizuizi kilichopo. Akapata utulivu wa wiki mbili. Kisha hospitali ikampigia kumrudisha kwa majibu ya vipimo, mara mbili, kwa nambari ambayo hakuwa nayo. Simu haikulia. Tulijua siku ya nne, nilipoifungua kwa jambo jengine kabisa.

Angalia kwanza orodha ya waliozuiwa, huenda umemzuia mtu kwa kidole. Pili, angalia ile ya kunyamazisha wasiojulikana. Tatu, angalia "Usinisumbue", ambayo mara nyingi hubaki imewashwa tangu usiku au tangu msikitini. Mwisho ndio upige \*#21#, uone kama simu zako zimeelekezwa kwa mtu mwengine.

Simu ya shangazi tuliipanga hivi. Mchana hakuna kunyamazisha wasiojulikana, zimezuiwa tu zile nambari anazozijua kwa ubaya wake. Nambari za hospitali, skuli ya wajukuu, sheha na wakala wa boti tuliziandika kwa majina. Kuanzia saa nne usiku "Usinisumbue" inajiwasha yenyewe, wanafamilia wanaruhusiwa, na tukawasha ile ya anayerudia: mtu yeyote akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu inalia. Bado wanampigia wa matangazo, mara moja moja, wakati wa mchana. Anaitikia salamu, anakata, anaendelea kukuna nazi.